Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote wa chama chetu cha kutazama ndege (soma mpaka mwisho kabla ya kujibu)

Wanachama wenzangu salaam. Najua taarifa imechelewa na najua kuna watu walishaanza kusema kwenye grupu kwamba mwenyekiti kaingia mitini, sijaingia mitini, nilikuwa nasubiri hesabu za mhazini na mhazini alikuwa anawasubiri nyie mlipe.

Shughuli za mwaka sizirefushi, mlioenda mnazijua na msioenda mliziona kwenye picha. Tulienda msitu wa bondeni, tukapanda ule wa mlimani, tukaenda mabwawani na kwenye matete, Januari tukahesabu ndege wa majini kwenye ile sensa ya kimataifa inayofanyika tangu 1967, tarehe 2 Februari tukaadhimisha siku ya ardhioevu (mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ulisainiwa tarehe hiyo mwaka 1971, kwa wale wanaouliza kila mwaka), na Mei tukapeleka orodha zetu eBird, ule mtandao wa kuandikisha ndege ulioonwa, kwenye ile siku kubwa ya dunia ya kuhesabu ndege. Orodha ya chama spishi 214 za ndege. Wanachama kwenye daftari 68, waliolipa ada kamili 27, waliolipa nusu 9, waliobaki wanajijua. Darubini za chama 6, zinazofanya kazi 4, na moja kati ya zile mbovu ina ukungu ndani ya lensi kwa sababu kuna mtu aliitumbukiza kwenye maji halafu akairudisha kwenye begi kimya kimya kama hakuna kilichotokea.

Sasa tuje kwenye lenyewe, maana najua ndo mnalosubiri. Kupiga marufuku spika.

Ndiyo, nilipiga marufuku kucheza sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye safari zote za chama. Ndiyo, nilifanya hivyo hapo hapo porini bila kuitisha kikao cha kamati. Nimeitwa dikteta, nimeambiwa naua chama, na watu 5 wamejitoa, ingawa 2 kati yao ada walikuwa hawajawahi kulipa kwa hiyo sijui walijitoa kutoka wapi.

Mliokuwepo siku ile mliona. Mwanachama mmoja, simtaji, kafunga kaspika kwenye mkoba na anacheza wimbo uleule, ukiisha anaurudia, ukiisha anaurudia. Ndege akatoka kwenye kichaka akiwa na kiwavi mdomoni, maana yake kuna makinda mahali yanangoja, akawa anaruka tawi hili tawi lile, mabawa kayashusha, anadhani ndege mwenzake kaingia eneo lake, anamtafuta mvamizi ambaye hayupo, mpaka kile kiwavi kikamdondoka. Watu wanapiga picha na kushangilia. Mimi nikasema zima, na kuanzia leo hakuna tena. Mlitaka niite kikao pale chini ya mti, tusubiri akidi?

Hoja zenu nimezisikia zote. Kwanza mnasema tucheze nje ya msimu wa kuzaliana. Ndugu zangu, hiyo hesabu ni ya nchi zenye baridi kali, kule ndege anaimba miezi michache halafu ananyamaza. Kwenye misitu ya tropiki jozi nyingi zinalinda eneo lao mwaka mzima, na spishi nyingi jike naye anaimba na anapigana, kwa hiyo ukisema nje ya msimu unasema lini hasa? Pili mnasema waongozaji kila mahali wanacheza. Wanacheza, na ndo maana sehemu inayotembelewa na makundi kila siku yule ndege mmoja anaitwa asubuhi na kundi hili, jioni na lile, kesho tena. Hata kanuni za maadili za American Birding Association, chama cha watazama ndege cha Marekani, zinataka tahadhari kwenye sehemu zenye watazamaji wengi na kwa spishi zilizo hatarini, sijatunga mimi. Tatu, kwamba watafiti wanatumia. Wanatumia kwa utaratibu, muda umepangwa, wakishapata jibu wanazima, na sisi tukifanya sensa ya bundi kwa kibali nitaruhusu, hilo nililisema tangu mwanzo ila hakuna aliyelinukuu. Na yule anayeuliza kama kupiga pshpshpsh kwa mdomo ili ndege asogee nako ni marufuku, namwomba akue.

Kuna la wazee wetu kwamba bila spika hawataona kitu, hili nalichukulia kwa uzito. Lakini safari iliyofuata, ambayo nilikuwa nimeichunguza njia mwenyewe siku moja kabla kwa muda wangu na mafuta yangu, tulikaa pembeni ya msafara wa siafu. Tulisimama tu. Panzi, buibui, mende wa porini wote wanakimbia mbele ya siafu, na ndege wamejipanga kwenye vijiti vya chini wanawadaka wale wanaotoroka, siafu wenyewe hawawagusi, wengine wako karibu mpaka darubini inakataa kufokasi. Hakuna spika. Mzee wetu mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na kaona kila kitu. Tulikuwa watu 8. Nane! Halafu marufuku yangu ndo inaua chama.

Ndo nakuja kwenye mahudhurio. Muda wa kukutana unaandikwa saa 11 alfajiri, mtu anafika saa 2, amevaa shati jeupe linalong'aa na marashi juu, anauliza mbona msitu kimya. Msitu kimya kwa sababu jua limepanda! Ndege wa msituni wanaimba kukipambazuka, baada ya hapo unategemea ubahatike kukuta kundi mchanganyiko la ndege wa spishi mbalimbali linapita, dakika chache limeondoka. Bwawani kidogo kuna msamaha, yangeyange unamwona hata saa 6, ila mitumbwi tuliikodi kwa idadi ya waliojiandikisha na viti vikaenda vitupu, na pesa hiyo ndo mnayouliza imeenda wapi.

Mipango ya mwaka ujao. Tunatarajia Mungu akijalia kupata darubini nyingine, ziwe 8x42 (zinakuza mara 8, lensi ya mbele milimita 42) kwa sababu kwenye giza la msitu zinapokea mwanga vizuri na hazitikisiki mkononi kama zile za kukuza mara 10, wenye mawazo tofauti wachangie kwanza. Kuna wanaotaka twende kinamasi cha Mabamba kule Uganda kumwona korongo domo-kiatu, kuna wanaoota hifadhi ya Manu ya Peru yenye spishi za ndege zaidi ya 1,000. Sikatai. Tutaangalia hali itakavyokuwa. Kwa ada 27 kati ya 68 hali ilivyo tunafika kwenye matete yaleyale.

Suala la spika litapigiwa kura mkutano mkuu, nimekubali, ila katiba inasema anayepiga kura ni aliyelipa ada, na mhazini ana orodha. Sensa ya Januari tunakutana palepale saa 11 alfajiri na gari halisubiri mtu. Aliye na ile darubini ya saba, ambayo kwenye daftari ipo na kwenye sanduku haipo, airudishe tu, sitamuuliza kitu.