Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: tuuzieni Magomeni Kota kwa hati

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi mkazi wa Magomeni Kota hapa Dar es Salaam, kwenye zile kaya 644 za wakazi wa zamani tuliorudishwa kwenye maghorofa ya serikali, na naandika hadharani mana hili ni la wote, sio la mtu mmoja kwenda kulimaliza ofisini.

Kwanza tunashukuru, tena sana. Nyumba za wazee wetu zilivunjwa tukatawanyika, wengine Mbagala wengine Gongo la Mboto, mpaka 2016 hayati Magufuli alipokuja akasema zijengwe na tukirudi tukae miaka mitano bila kodi, TBA, yani Wakala wa Majengo wa serikali, wakajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akazindua. Sasa ukihesabu toka siku ile miaka mitano inaishia Machi 2027, na kinachofuata ni kuuziwa kwa mpangaji mnunuzi, yani unalipa kidogokidogo huku unakaa mpaka nyumba iwe yako, hapo ndo nina neno.

Mheshimiwa, tunanunua nini hasa? Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais, hakuna anayeinunua moja kwa moja, unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Sie tuko ghorofani, kwahiyo cha kwetu ni hati ya sehemu ya jengo kwa ile sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, inayokupa fleti yako pamoja na fungu lako kwenye vitu vya pamoja, yani ngazi, lifti, paa, uwanja, na wenye fleti wanakuwa na umoja wao wa kuendesha jengo. Hiyo ndo tunayoitaka. Mtu akilipa miaka na miaka alafu mwisho ameshika risiti tu, lifti ikiharibika anasubiri mwenye jengo aamue, huyo bado mpangaji. Na hati ya kiwanja chenyewe imebaki miaka mingapi? Mana hati zetu zitaning'inia kwenye hiyohiyo, semeni mapema.

Alafu wazee. Hili ndo linaniuma zaidi. Kuna bibi zetu hapa hawana mshahara wala pensheni, benki gani itamkopesha mtu wa miaka sabini na kitu? Mkataba uruhusu mtoto au mjukuu aandikwe pamoja naye toka mwanzo, na akifariki katikati malipo yaendelee walipofikia, familia isianze upya na wala isitolewe. Bei nayo iwe ya jengo tu, ardhi msituhesabie, hapa tulikuwepo kabla ya ghorofa.

Ombi langu ni dogo mheshimiwa, rasimu ya mkataba ije kwetu kabla ya kusainiwa, kwa Kiswahili, watu wakae chini uwanjani waisome na mwanasheria wa serikali awepo ajibu maswali. Ije mwaka huu, isingoje Februari 2027 watu wameshaingiwa hofu wanasaini chochote.

Wako,
Mkazi wa Magomeni Kota