Tusiihukumu bodi ya kompyuta kabla ya kuipima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowatia hasara vijana wengi wa Pemba, na naamini hata wenzao wa Unguja, nalo ni namna tunavyoishughulikia kompyuta iliyoungwa upya ambayo, siku ya kwanza inapobonyezwa kitufe, haiwaki. Vijana wetu siku hizi hawangojei kununua kompyuta nzima. Hununua kasha lililokwishatumika kwa mtu mmoja, pawa saplai, yaani kifaa cha kuigawia kompyuta umeme, kwa mwengine, wakaagiza mazabodi, ile bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa, na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, kutoka Mlandege, Unguja, au Kariakoo, Dar es Salaam, kisha wakaviunga wenyewe nyumbani kwa ajili ya kuhariri video za harusi, kuchora ramani za majumba au kusomea. Hilo ni jambo la kupongezwa, na mimi nikiwa mwalimu wa kompyuta nalifurahia. Kinachonisikitisha ni kile kinachofuata mashine inapokaa kimya: inapelekwa kwa fundi, fundi anabonyeza mara mbili tatu, anasema bodi imeungua, na mwenye mashine anaanza kutafuta fedha za bodi nyengine.

Kwa mtu wa kisiwani hukumu hiyo ina gharama ambayo mtu wa Dar es Salaam haioni. Bodi iliyoagizwa ng'ambo hairudishwi kirahisi. Kuna nauli ya mzigo kwenye boti, kuna siku za kungoja, na kuna muuzaji atakayesema, pengine kwa haki yake, kwamba kifaa kilichokwisha kufungwa skrubu hakipokelewi tena. Nimewaona wazee wakitoa fedha za karafuu kununua bodi ya pili kwa mashine ambayo bodi yake ya kwanza haikuwa na kasoro hata kidogo.

Nadhani chanzo kimoja ni mazoea yetu ya kuushuku umeme. Sisi wa Pemba tuliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha hadi kebo ya baharini kutoka Tanga ilipofika mwaka 2010, na ndugu zetu wa Unguja hawajasahau giza la takriban mwezi mzima la mwaka 2008 wala lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Tumeona majokofu na televisheni zikiungua umeme uliporudi kwa kishindo, kwa hiyo kila kifaa kisichowaka tunakiona kimeunguzwa. Lakini kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi hadi jana ikazima leo si sawa na kompyuta ambayo haijapata kuwaka hata mara moja. Katika ile ya kwanza kuna kitu kimekufa, na ni haki kukitafuta. Ile ya pili bado haijathibitika kwamba imeungwa sawasawa, na fundi anayeanza kutafuta kilichokufa kabla ya kuhakikisha kama kila waya uko mahali pake ameianza kazi kwa mwisho wake.

Swali la mwanzo la kumuuliza mwenye mashine ni: haiwaki vipi? Kuna mashine ambayo ukibonyeza kitufe haitoi hata mtikisiko. Kuna ambayo feni zake huzunguka kwa sekunde moja kisha zikasita. Na kuna ambayo feni zinazunguka vizuri na taa zinawaka, ila skrini ni nyeusi. Watu huzileta zote kwa malalamiko yale yale, ilhali kila moja ina njia yake ya kufuatwa.

Ile iliyo kimya kabisa ifuatwe kwa kuiandama njia ya umeme kuanzia ukutani. Plagi zetu za pini tatu za Kiingereza zina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ikikatika waya huonekana mzima na kumbe haupitishi kitu. Tiba yake ni kuchukua waya wa umeme wa skrini, ambao aghalabu ni wa aina ile ile, na kuujaribu kwenye kompyuta. Nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo yenye alama ya mstari na ya duara, na wapo waliobeba mashine kutoka Konde hadi Chake Chake kwa sababu tu swichi hiyo ilikuwa upande wa duara, yaani imezimwa. Kwenye baadhi ya pawa saplai za zamani, hasa zinazokuja ndani ya makasha yaliyotumika, kuna swichi nyengine, nyekundu, ya kuchagua volti 115 au 230. Hiyo itazamwe kabla ya waya kuchomekwa ukutani, kwani umeme wetu ni wa volti 230, na pawa saplai iliyoachwa kwenye 115 inaweza kupasuka ndani kwa mlio mara tu inapoupata umeme huo.

Ndani ya kasha, plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye bodi ni ngumu, na wengi huogopa kuisukuma, ikabaki nusu. Isukumwe mpaka kishikizo chake kilie. Karibu na prosesa kuna tundu jengine, la pini nne au nane, nalo lina waya wake wenyewe ambao watu huusahau kwa sababu tundu limejificha kwenye kona ya juu. Halafu kuna nyaya nyembamba za kitufe, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana ndipo nilipoziona mashine nyingi zikikwama. Kitufe cha mbele hakipitishi umeme mkubwa. Kazi yake ni kuzigusanisha pini mbili za bodi kwa muda mfupi tu, na bodi ikishaipata ishara hiyo ndiyo inayoiamuru pawa saplai iamke. Pini hizo ni ndogo, zimepangwa safu mbili pamoja na zile za taa na za kitufe cha kuanzisha upya, na maandishi yake hayasomeki bila ya tochi. Plagi yenye maandishi POWER SW ikisogea pini moja tu pembeni, kitufe kitabonyezwa hadi kidole kichoke na bodi haitakuwa na habari. Fundi aliye na kitabu cha bodi, au nakala yake iliyopakuliwa kwenye intaneti, huzitambua pini hizo mbili, akaivua plagi na kuzigusanisha kwa ncha ya bisibisi kwa muda wa sekunde moja. Mashine ikiwaka, tatizo ni kitufe au waya wake, na hapana sababu ya kuitaja bodi tena.

Ikibakia kimya, ndipo pawa saplai ipimwe peke yake, ikiwa imechomolewa kwenye kila kitu ndani ya kasha. Katika ATX, mfumo wa kawaida wa makasha, bodi na pawa saplai ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995, plagi kubwa ina waya wa kijani, na waya huo ukiunganishwa na mmoja wa nyaya nyeusi, pawa saplai huamka bila ya kuhitaji bodi. Katika zile za kisasa ambazo nyaya zake zote ni nyeusi, nafasi yake, yaani pini ya 16 katika plagi ya pini 24, lazima itafutwe kwenye mchoro, na asiyeweza kuusoma mchoro amwachie anayeweza. Feni kuzunguka si ushahidi wa kutosha, na kutozunguka pia si ushahidi, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai nzuri huisimamisha feni pale ambapo hazina mzigo. Kinachosema kweli ni mita ya kupimia volti: waya wa manjano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu usome karibu na volti 5. Hata hivyo pawa saplai dhaifu inaweza kusoma vizuri bila ya mzigo kisha ikaanguka inapopewa kazi, kwa hiyo kuazima nyengine inayojulikana kuwa nzima ndiyo njia ya uhakika zaidi. Lisilofaa kabisa ni kuifungua. Ndani yake mna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubakia na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kutolewa ukutani, na moyo huniruka kila ninapoona kijana akiichokoa kwa bisibisi akiwa amekaa juu ya mkeka na wadogo zake wamemzunguka.

Mashine ambayo feni zake huzunguka kidogo zikasita ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Mara nyingi hapo pawa saplai imeiona shoti na imejizima ili kujilinda, na fundi husema kwamba bodi ina shoti. Shoti ipo, lakini je, iko ndani ya bodi au chini yake? Kijana mmoja aliyesoma skuli kwetu aliambiwa na mafundi wawili kwamba bodi yake imekwisha, wazee wake wakanunua nyengine, nayo ilipofungwa ikafanya vile vile. Tukaitoa bodi ya kwanza nje ya kasha, tukailaza juu ya boksi lake la karatasi, tukabakisha prosesa na feni yake, kipande kimoja cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na pawa saplai, tukazigusanisha zile pini mbili, na ikawaka. Kasha lile lilikuwa limebeba bodi ya umbo jengine hapo zamani, na kiguu kimoja cha shaba, katika vile vinavyoinyanyua bodi isiguse kasha, kilibakia mahali ambapo bodi mpya haina tundu, kikawa kinagusa viungo vya risasi vilivyochomelewa nyuma yake. Kiguu kilifunguliwa kwa mkono. Bodi zote mbili zilikuwa nzima.

Kipimo hicho cha juu ya boksi hakihitaji mashine wala fedha, na ningependa kila fundi wa visiwa hivi akifanye kabla ya kutoa hukumu yoyote. Bodi ikiwaka juu ya boksi, kosa liko kwenye kasha au kwenye kitu kilichoondolewa. Isipowaka, kiondolewe kitu kimoja baada ya chengine, na soketi ya prosesa imulikwe kwa tochi, kwa sababu katika bodi za Intel tangu mwaka 2004, na katika zile za AMD za aina ya AM5 zilizotoka mwaka 2022, pini ziko kwenye bodi yenyewe na hupinda kwa kuguswa tu. Kuhusu mashine yenye feni nzima na skrini nyeusi nitasema machache, maana hiyo umeme inaupata: ramu ikandamizwe hadi ilie na meno yake ya shaba yasafishwe kwa spiriti, kwani upepo wetu wa chumvi huyachafua; waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha kama kadi ipo; na ihakikishwe kwamba programu iliyomo ndani ya bodi si ya zamani kuliko prosesa iliyowekwa.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kuchanganya nyaya. Pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili hazina mpangilio mmoja, na waya wa kampuni moja unaweza kuingia vizuri kwenye pawa saplai ya kampuni nyengine huku ukipeleka volti 12 mahali pa volti 5. Hapo diski huungua kweli. Vilevile baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell na HP, ambazo ndizo nyingi katika vifaa vilivyotumika, zina plagi za umeme na za kitufe za aina yao wenyewe, na kuzilazimisha zikubaliane na bodi ya kawaida ni kuharibu.

Sisemi kwamba mafundi wetu hawana uaminifu. Ninachokiona ni kwamba fundi wetu hulipwa akiuza kifaa na halipwi akikaa saa nzima kutafuta waya uliolegea, na kwa malipo ya namna hiyo ni vigumu kumtarajia aseme kwamba bodi ni nzima. Sisi wateja tukubali kulipia uchunguzi peke yake, hata pale unapoishia kwa kusukuma plagi iliyokaa nusu, na fundi naye aandike kwenye risiti alichokipima na alichokiona: volti ngapi, juu ya boksi au ndani ya kasha, kwa pawa saplai ipi. Wenye maduka nao wangemwashia mnunuzi bodi juu ya kaunta kabla ya kupokea fedha, na ugomvi mwingi ungekwisha hapo hapo. Vituo vya mafunzo ya amali, kile cha Vitongoji na kile cha Mwanakwerekwe, vinaweza kuufanya utaratibu huu kuwa sehemu ya mtihani wa vitendo, mwanafunzi akapewa mashine isiyowaka na mita, akatakiwa aeleze kwa maandishi umeme umeishia wapi.

Mwisho nawaomba wale ambao tayari wameambiwa kwamba bodi zao zimeungua, na bado wanazo kabatini, wasiwape wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka wazilaze juu ya boksi na kuzijaribu kwa kipande kimoja cha ramu na pawa saplai nzima ya kuazima.

Mwalimu wa kompyuta,
Wete, Pemba