Ukanda wa Mto Ngong uwe njia ya changarawe kwa miguu na baiskeli

Mhariri,

Kwa miaka tisa nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli, kutoka Lang'ata hadi Eneo la Viwanda, na kila Jumamosi huingia msituni kwa baiskeli hiyo hiyo. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo moja kuhusu ukanda wa mita 30 ambao serikali iliagiza uachwe wazi kando ya mito ya Nairobi baada ya mafuriko ya mwaka 2024. Ombi langu ni kwamba katika ukanda wa Mto Ngong ipitishwe njia moja ya changarawe isiyokatika, kuanzia Msitu wa Ngong Road hadi viwandani, iwe ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli, na isitiwe lami.

Mto ninaousema huanza kwa jina la Motoine upande wa Dagoretti, hupita ndani ya msitu, huambaa Kibera, kisha huingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo leo limejaa tope na magugumaji. Ukishatoka bwawani ndipo huitwa Mto Ngong, nao hushuka hadi viwandani na Mukuru. Anayeutazama kwenye ramani ataona kwamba unaelekea kule kule wanakoelekea wafanyakazi wa Kibera kila alfajiri, wengi wao wakitembea juu ya reli kwa kukosa mahali pengine pa kupita.

Nimesema changarawe kwa makusudi. Siku hizi kuna baiskeli zilizoundwa mahsusi kwa barabara za aina hiyo: usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi zake ni nene, milimita 40 au zaidi, na hutiwa upepo kidogo ili zishike ardhi badala ya kurukaruka juu ya mawe. Mwaka 2021 mashindano ya baiskeli hizo yalianzishwa Maasai Mara, na marehemu Sule Kangangi, mwanabaiskeli wetu aliyefariki akishindana Vermont, Marekani, Agosti 2022, alikuwa mstari wa mbele kuwaonyesha vijana wa Afrika Mashariki kwamba barabara za vumbi tulizozoea kuziona kama alama ya umaskini zinaweza kuwafikisha mbali. Hata hivyo njia ninayoiomba si ya wanamichezo peke yao. Mchuuzi wa mkate anayeendesha Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, yenye kreti mbili nyuma ataifurahia kuliko mimi, kwa kuwa yeye hana gia za kumsaidia penye mwinuko.

Na kando ya maji miinuko ni michache. Hilo nililitambua Mwea, Kirinyaga, nilipokwenda kuwatembelea shemeji zangu nikabeba baiskeli. Mfereji wa kumwagilia mpunga huchimbwa kwa mteremko mdogo sana ili maji yatembee bila kumomonyoa kingo, kwa hiyo barabara ya udongo inayoandamana nao, ambayo hutumiwa na wanaofungua na kufunga milango ya maji, nayo haina budi kuwa tambarare. Niliendesha asubuhi nzima nikibadilisha gia mara tatu au nne tu, yangeyange wakiinuka mashambani mbele yangu na kutua tena nyuma yangu, na kila niliyekutana naye, awe amebeba jembe au gunia la mchele, alikuwa akipita bila kuhofia gari. Mto wa jiji haunyooki kama mfereji, lakini bonde lake hushuka polepole vivyo hivyo, na mwendesha baiskeli anayelifuata huepuka kupanda na kushuka kwa barabara zinazokatiza mabonde yetu.

Wenzetu wa nchi nyingine walirithi njia kama hizi bila kuzipanga. Mifereji ya Uingereza na Marekani ilichimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo zilizovutwa na farasi au baghala waliotembea ukingoni, na biashara ya mashua ilipokufa kwa ushindani wa reli, kijia cha wanyama kikabaki. Mfereji wa Chesapeake na Ohio, kutoka Washington hadi Cumberland, una kijia cha kilomita 297. Ulifungwa mwaka 1924, na miaka ya hamsini ukapendekezwa mpango wa kupitisha barabara ya magari juu yake, mpango ambao gazeti la Washington Post liliuunga mkono katika tahariri ya Januari 1954. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani alimwandikia mhariri barua ya kumwalika watembee pamoja njia yote ili ajionee kilicho hatarini. Machi mwaka huo huo walikwenda, wahariri wa gazeti hilo wakiwa miongoni mwa wasafiri. Waliomaliza safari nzima ya siku nane walikuwa tisa tu, lakini gazeti lililegeza msimamo wake, na mwaka 1971 mfereji ukafanywa hifadhi ya kitaifa. Leo watu huendesha baiskeli pale kwa siku kadhaa mfululizo, juu ya udongo na changarawe, chini ya miti.

Sisi pia tumewahi kuokoa mahali pa namna hiyo. Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakitetea Msitu wa Karura usigawiwe wajenzi, na kwa miaka mingi baada ya hapo msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 uliogopwa, mtu akitajiwa Karura anafikiria wezi na maiti. Ulipowekewa uzio na kufunguliwa kwa umma, njia zake zikasafishwa na kila njia panda ikapewa namba, ili aliyepotea au kuumia aweze kusema yuko wapi. Siku hizi ukipita kwenye mikaratusi saa moja asubuhi utakuta mama mzee mwenye fimbo, watoto wa shule na vijana wa baiskeli, kila mmoja akimpisha mwenzake. Wanaoniambia kwamba njia ya Mto Ngong itakuwa pango la wakora nawaomba wakumbuke Karura ilivyokuwa. Mahali panapopitwa na watu kutwa nzima wakora hupakimbia wenyewe.

Kuhusu ujenzi, naomba wahandisi wautazame udongo kabla ya kitu kingine. Juu, upande wa msitu, udongo ni mwekundu, hupitisha maji na hukauka haraka, kwa hiyo hapo kazi ni ndogo. Chini ya bwawa mambo hubadilika. Udongo mweusi ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka, nawe ukabaki umebeba baiskeli begani ukitafuta kijiti cha kukwangulia. Udongo huo uondolewe, changarawe ishindiliwe mahali pake, na katikati ya njia painuliwe kidogo ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Lami haitafaa. Itavutia magari na pikipiki, itaongeza maji yanayomiminika mtoni, na mafuriko yakiibomoa itakaa miaka ikingoja zabuni, ilhali changarawe iliyochukuliwa na maji hurudishwa kwa toroli na sepetu.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mabomba makuu ya majitaka ya jiji hili yamelazwa kando ya mito, na mafundi wake huhitaji pa kupita. Mwaka jana tairi langu la mbele lilizama katika shimo la majitaka lililoibwa mfuniko, majani yakiwa yamelifunika kabisa, nikavunjika mtulinga. Kijana aliyenitoa pale aliniambia lilikuwa wazi tangu kabla ya Krismasi. Kama njia ingekuwepo, shimo hilo lingeonekana siku ya kwanza, na fundi angefika kwa gari dogo akalifunika.

Fedha si kisingizio, kwa kuwa sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ilisema asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itengewe watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli. Linalonisumbua zaidi ni ardhi yenyewe. Familia za Mukuru na Mathare zilibomolewa nyumba Mei 2024 zikiambiwa kwamba ukanda huu si wa kukaliwa na mtu yeyote. Nimewaona wakiokota mabati yao kwenye matope. Lakini chini ya bwawa, mahali ninapopita kila wiki, ukuta mpya wa mawe umeteremshwa hadi ukingoni mwa maji, na nyuma yake yameegeshwa malori. Kila mwezi unaopita bila njia kupimwa na kuwekewa vigingi, ukuta mwingine unajengwa, na familia zile zitakuwa zimehamishwa ili kumpisha mwenye malori.

Kwa hiyo, Mhariri, nami nakualika. Jumamosi yoyote utakayochagua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakungoja wewe au mwandishi wako kwenye lango la Msitu wa Ngong Road nikiwa na baiskeli mbili, moja ya kukuazima. Tutaufuata mto kadiri unavyofuatika, tutashuka na kuzikokota baiskeli pale pasipopitika, hadi kwenye ukuta huo. Njoo na mpiga picha.

Mwendesha baiskeli,
Lang'ata, Nairobi