Jedwali la peji halibadilishwi kienyeji hivo

Ndugu mhariri, salamu toka Nyakato. Safu yenu ya kompyuta imeniuma pale mliposema kerneli (ule moyo wa mfumo endeshi) ikitaka kuhamisha kumbukumbu inaandika tu anwani mpya kwenye jedwali la peji, yaani daftari la kuonyesha kila kipande cha kumbukumbu kiko wapi, na kazi imeisha. Hapana jamani, hapo ndo vijana wanapoumia, nimewaona.

Waangalieni wabeba mizigo wa Mwaloni Kirumba. Daftari la soko linasema mama wa dagaa yuko meza ipi, ila nani analisoma kila safari? Wanakumbuka kichwani. Sasa ukimhamisha mama ukarekebisha daftari peke yake, magunia yataendelea kushushwa meza ya zamani, pengine kwa mtu mwingine kabisa. Prosesa nayo ni hivohivo, kila kori, yaani kiini kimoja cha prosesa, ina kumbukumbu yake ya haraka inaitwa TLB inayoshika anwani ilizokwisha soma jedwalini, na haijui kama umegusa jedwali mpaka uiambie.

Kwenye prosesa za aina ya Arm utaratibu ni huu, unabatilisha lile ingizo (mstari wa jedwali) la zamani, unasubiri kori zote zilione badiliko, unaamuru TLB zisahau, unasubiri tena zimalize, ndo unaandika jipya. Ukiruka hapo, hasa ukiwa unavunja bloku ya MB 2 kuwa peji 512 za KB 4, TLB inaweza ikashika la zamani na jipya kwa pamoja. Kijana wangu mmoja aliruka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye kori nne, mashine inapiga kazi mchana kutwa halafu usiku inaganda, wiki mbili tunalaumu umeme bure! Na msidhani ni Arm tu, mwaka 2019 Intel walitangaza kasoro ya prosesa zao kadhaa, peji ya kodi (maagizo ya programu, si ile ya serikali) ikibadilishwa ukubwa bila TLB kufutwa mashine inaweza kuzima.

Kigumu zaidi ni pale peji unayobatilisha ndo hiyo kerneli yenyewe inaendeshwa humo, yaani unatoboa mtumbwi na wewe umo ndani. Mfumo endeshi wa Linux kwenye Arm una kikodi kidogo kwenye ramani ya pembeni ambako anwani ya kodi ni ileile ya kumbukumbu halisi, kerneli inahamia huko kwa muda, jedwali kuu linaondolewa, TLB zinafutwa, linawekwa jipya, inarudi. Mimi hili lilinichukua muda mrefu kulielewa.

Naomba toleo lijalo mrekebishe na mzichore hizo hatua kwa mpangilio wake, maana vijana wangu wanakata safu yenu wanabandika ukutani.

Msomaji wenu, Nyakato, Mwanza