Harambee ya kumuenzi fundi wetu: weka ahadi kwa kila megahezi

Ndugu, jamaa na marafiki wa Nyakato, Buzuruga, Igoma, Mabatini na kote jijini Mwanza. Mafundi wenzetu wa mjini. Nanyi nyote mliowahi kumpelekea marehemu kompyuta "inayostaki": kadi ya mchango ndiyo hii.

Fundi wetu ametutoka kazi ikiwa njiani. Sekondari ya kata ina chumba kilichotengwa kwa somo la kompyuta. Meza zipo, mlango wa chuma upo, kompyuta inayowaka hakuna hata moja. Kwenye stoo ya kikundi kuna kompyuta 26 za mezani zilizotolewa na ofisi mbalimbali, na yeye ndiye aliyekuwa akizipitia moja baada ya nyingine. Kila aliyoikagua ina kipande cha selotepu ya karatasi chenye mwandiko wake: "RAM mbovu" (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), "kapasita 3 zimevimba" (vijitungi vya kutunza umeme kwenye bodi), "nzima, ina wadudu tu". Tumezikagua zilizobaki kwa utaratibu huohuo. Ishirini zinafufuka, sita ni za kuchinjwa vipuri. Ili hizo ishirini zifike darasani zikiwa zima tunahitaji shilingi 3,200,000, na hesabu yake iko chini. Familia imeomba jina lake likae kwenye kadi tu, nasi tumeheshimu.

Badala ya kupitisha bahasha peke yake, tutafanya shindano alilokuwa akilitaka siku zote: kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa, ubongo wa kompyuta, kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Timu ni kumi, kila moja watu wawili, na wote watatumia prosesa ya aina moja, Intel Pentium E5200 ya mwaka 2008. Ni ya zamani, ndiyo, na ndiyo sababu tumeichagua. Ikiungua hakuna anayelia, na hesabu yake inafanyika kichwani. Kasi ya basi, yaani mapigo ya msingi ya kompyuta, ni megahezi 200 (mapigo milioni 200 kwa sekunde), kizidishi chake ndani ya prosesa ni 12.5, jumla megahezi 2,500. Kizidishi hakipandi zaidi ya hapo, kwa hiyo njia iliyobaki ni kupandisha basi. Likifika 266, prosesa inakimbia megahezi 3,325. Timu imeongeza 825.

Hapo ndipo mchango wako unapoingia. Unachagua timu na kuahidi kiasi kwa kila megahezi itakayoongeza. Ukiahidi shilingi 100 na timu yako ikaongeza 825, unadaiwa 82,500. Ikiishia basi la 220, imeongeza 250, unadaiwa 25,000. Kwenye kadi kuna nafasi ya kuandika kikomo, na tunakushauri uiandike, kwa sababu vijana wa sasa wana njaa. Asiyependa kamari ya namna hii aandike kiasi kamili; mhazini hana ubaguzi.

Megahezi zinazolipiwa ni zile zilizothibitishwa. Kuwasha kompyuta kwa kasi kubwa, kupiga picha ya CPU-Z, programu inayoonyesha kasi, na kushangilia hakutoshi. Mashine lazima imalize SuperPi, programu inayokokotoa pai, ya tarakimu milioni moja, kisha Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu nzito, dakika 30 bila kosa, jaji akiwa amesimama hapo. SuperPi inajikagua yenyewe: hesabu isipolingana inasimama na kutangaza kosa. Prime95 ni katili zaidi, na huko ndiko ahadi nyingi zitakakopungua.

Timu zijiandae hivi. Kabla ya kugusa basi, shusha uwiano wa kasi ya RAM kwa basi. RAM ya DDR2 ya 800 inafuata basi. Likitoka 200 hadi 266 bila kubadili uwiano, RAM nayo inajikuta kwenye 1,064, inagoma, na ninyi mnailaumu prosesa. Pili, ifungie PCI Express, njia ya kadi za nyongeza, kwenye megahezi 100. Ukiiacha ijiamulie, kwenye baadhi ya madabodi (bodi kuu za kompyuta) inapanda pamoja na basi, na cha kwanza kuumia ni data zilizo kwenye diski. Baada ya hapo pandisha basi kwa 10, endesha SuperPi, pandisha tena. Ikikosea, ongeza volti hatua moja ndogo, si tatu. Kikomo chetu ni 1.3625, ambacho ndicho cha juu cha wigo ambao Intel yenyewe iliupangia prosesa hii. Anayezidisha anatolewa, hata kama ndiye anayeongoza.

Sababu ya ukali huo ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa unakua sambamba na kasi, lakini kwa volti unakua kwa mraba wake. Kasi ikipanda kwa theluthi moja na volti ikatoka 1.25 hadi 1.36, joto la kuondolewa linapanda kwa zaidi ya nusu. Hitisinki, chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa, ni ileile. Tena tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto pungufu kidogo. Anayenakili namba za watu wa pwani asishangae.

Kosa tunalotarajia kuliona zaidi mezani halihusu kabisa BIOS, programu ya ndani yenye mipangilio hiyo. Hitisinki ya aina hii inashikwa na vipini vinne vya plastiki vinavyopenya madabodi. Kipini kimoja kisipoingia sawasawa, hitisinki inakaa upande, pasta ya kupitisha joto inagusa nusu, na joto linapaa ndani ya dakika mbili. Bonyeza kwa mshazari, kulia juu na kushoto chini, kisha viwili vilivyobaki, usikie mlio wa kila kimoja. Halafu geuza madabodi na utazame kwa nyuma: ncha nne zote ziwe zimetokeza na kuchanuka. Pasta ni tone moja dogo kama punje ya njegere, katikati, na hitisinki ndiyo itakayoisambaza. Ile ya zamani inafutwa kwanza kwa spiriti ya asilimia 99, kwani ile ya 70 ya duka la dawa ina maji mengi, ukiitumia ngoja ikauke kabisa. Na dawa ya meno si pasta. Tunaandika hivi kwa sababu tumekwisha kuikuta ndani ya mashine za watu.

Jambo jingine la E5200: sensa yake haisomi nyuzi joto moja kwa moja, inasoma umbali uliobaki kufika kikomo. Programu ndiyo inayobashiri kikomo na kukupa namba. Sensa nyingine za kizazi hiki hukwama kwenye namba moja mashine ikiwa baridi. Kwa hiyo jaji atasoma umbali, na ukibaki chini ya nyuzi 20 mzigo ukiwa umejaa, raundi inasimamishwa.

Mashine ikikataa kuwaka, feni inazunguka na skrini iko giza, msikimbilie kubadili RAM. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi sekunde kumi, toa betri ya CR2032, hamisha jampa (kijikofia kinachounganisha pini) ya kufuta CMOS, kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, subiri dakika moja, rudisha. BIOS inasahau upuuzi wote. Saa ya mashindano haisimami wakati huo. Prime95 ikikosea ndani ya dakika ya kwanza kwenye jaribio liitwalo FFT ndogo, linaloitesa prosesa yenyewe, mara nyingi ni volti ya prosesa. Ikipita hapo ikakosea kwenye jaribio la mchanganyiko, tazameni RAM.

Sasa barafu. Tunajua kuna timu inayopanga kuja na ndoo ya barafu ya kuhifadhia sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni. Ni marufuku. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 60 inaacha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 19 hivi. Tazama chupa ya soda baridi ikiwekwa mezani. Maji hayo yatajikusanya chini ya soketi ya prosesa, mahali usipopaona, na madabodi itakufa. Naitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri nayo hapana: inachoma ngozi, inafukuza oksijeni ukumbini, na hatuna vifaa vya kuishika. Wenzetu wa AMD, kampuni ya prosesa, waliofikisha gigahezi 8.429 (megahezi 8,429) huko Austin, Marekani, mwaka 2011 kwa helium kimiminika walikuwa na maabara. Sisi tuna bwalo la shule. Kupoza ni kwa hewa tu.

Mtu atauliza, je, kompyuta za wanafunzi nazo zitakimbizwa? Hapana, hata megahezi moja. Mashine ya darasani inatakiwa iwake saa mbili asubuhi na iwe bado inawaka saa tisa, miaka mitano mfululizo. Ujuzi ni uleule, wa kulijua joto linatoka wapi na linazuiwa na nini, ila kwenye shindano tunautumia kusogelea ukingo na darasani tunautumia kukaa mbali nao.

Na kwenye mashine za Mwanza joto linazuiwa na nini, marehemu aliandika kwenye selotepu zake: wadudu. Wale vijidudu wanaotoka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku hawaishii ukutani. Kompyuta iliyoachwa ikiwaka chini ya taa inawavuta kwa feni, wananasa kwenye mapezi ya hitisinki, vumbi linawafunika, na baada ya muda unafungua na kukuta zulia la kijivu, zito, unaloweza kulibandua kwa kidole likiwa kipande kimoja. Chini yake alumini haijaguswa na hewa kwa miezi. Wengi hupuliza kwa blowa bila kutoa feni, zulia linajikunja na kuziba zaidi. Toa feni kwanza, ng'oa zulia kwa brashi ya rangi ya inchi mbili, ndipo upulize, ukiwa nje, na ushike panga la feni kwa kidole lisizunguke, maana likizungushwa na blowa beringi inaumia na feni inarudisha umeme kwenye madabodi. Dawa ya kudumu ni wavu kwenye madirisha ya chumba. Usifunike tundu la feni kwa kitambaa. Ni kuinyonga mashine kwa jina la usafi.

Hesabu yenyewe, kwa bei tulizopewa madukani mjini. SSD (diski zisizozunguka) 20 za GB 240 kwa 45,000, jumla 900,000. RAM 20 za DDR3 za GB 4 kwa 20,000, jumla 400,000. Pawa saplai nane kwa 35,000, jumla 280,000. Betri za CMOS 20, shilingi 20,000. Pasta, spiriti, brashi na kapasita, 80,000. Kapasita mbadala iwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ya nyuzi 105, si 85. Swichi ya mtandao ya matundu 24 na kebo zake, 300,000. Stabilaiza moja, 450,000. Wavu wa madirisha, 150,000.

Zilizobaki 620,000 ni za umeme wa chumba, na hapa tunaomba msitupunguzie. Kompyuta moja na skrini yake tunaihesabu wati 120; ishirini ni wati 2,400, ambazo kwa volti 230 ni zaidi kidogo ya ampea 10. Kwa sasa chumba kina soketi moja. Kuiwekea ekstensheni juu ya ekstensheni ni kuomba moto. Tutavuta saketi mbili za waya wa milimita za mraba 2.5, kila moja na breka yake, na erthi ya kweli iliyochimbiwa ardhini.

Programu hazitugharimu kitu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi hazina sifa za Windows 11, hivyo zote zitawekewa mfumo endeshi wa bure wa Linux Mint ya Xfce, LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili ya kusomwa bila intaneti.

Tarehe ya shindano, lipa namba na simu ya mhazini, vyote vimechapwa kwenye kadi. Ahadi za megahezi zinakusanywa ndani ya wiki mbili baada ya matokeo, na kila shilingi itabandikwa kwenye ubao wa shule pamoja na risiti za manunuzi. Kiingilio cha watazamaji ni shilingi 2,000. Wanafunzi wenye sare hawalipi.

Mwenye kompyuta ya mezani isiyotumika ailete pia, iwe inawaka au haiwaki. Usiijaribu kuiwasha kabla, hasa kama ilikaa mahali penye unyevu. Andika kwenye karatasi ilikufaje: ilizima ghafla, ilinuka, ilipiga kelele. Kama ni ya ofisi na mna wasiwasi na taarifa zilizomo, ng'oeni diski mbaki nayo. Hatuihitaji, SSD tunanunua.