Gene Winfield tumkumbuke kwa rangi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimkumbuke Gene Winfield, fundi wa magari wa Marekani aliyefariki tarehe 4 Machi 2025 akiwa na umri wa miaka 97. Wachache niliowasikia wakimtaja huku kwetu walimtaja kwa sababu ya magari aliyoyaunda kwa ajili ya filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982. Kazi hiyo aliifanya, sikatai, lakini sisi tunaoshinda na msasa na kompresa tuna sababu nyingine ya kumlilia.

Winfield alizaliwa Springfield, Missouri, mwaka 1927 na kukulia Modesto, California, mji ambao ndiko alikoanzia kuyakata na kuyaunda upya magari makuukuu, yakiwamo yale ambayo Wamarekani huyaita hotirodi, yaani magari ya kale yaliyoundwa upya ili yaende kasi zaidi. Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kulishusha paa la gari aina ya Mercury ni kukata nguzo inchi chache na kuchomelea, basi. Nguzo za gari zimelala, hivyo ukishazipunguza paa halifikiani nazo tena mbele na nyuma, na fundi hulazimika kulipasua paa lenyewe, kulirefusha kwa vipande vya bati, kukata vioo upya na kuhakikisha kwamba milango bado inafunga. Mzee huyu alikuwa ameshavuka miaka 90 na bado aliifanya kazi hiyo hadharani, watu wamemzunguka.

Kwangu mimi, hata hivyo, kubwa ni rangi. Katika Jade Idol, gari aliloliunda kutokana na Mercury ya mwaka 1956, kijani kimekolea kwenye kingo za bodi, kisha kinafifia kidogo kidogo kuelekea katikati, wala jicho halioni mahali kilipoanzia kupungua. Rangi ya namna hiyo hupitisha mwanga, kwa hiyo hupulizwa mikono (yaani matabaka) mingi myembamba, mmoja juu ya mwingine, na bunduki ya kupulizia rangi isisite hata mara moja, kwani pale itakaposita ndipo doa litakapobaki. Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kuijaribu kwenye mlango wa gari la mteja, nikageuka kuitikia salamu ya mpita njia, na niliporudisha macho doa lilikuwa limeshatokea karibu na kitasa, kubwa kama sahani ya chai. Niliupiga msasa mlango wote na kuanza upya kwa gharama yangu.

Ninachomheshimu zaidi ni kwamba hakuuficha ujuzi huo. Wapo mafundi, nami nimefanya kazi chini ya mmoja wao, ambao huchanganya rangi wakiwa wamewapa wanafunzi mgongo. Winfield aliendesha mafunzo ya kukata bodi na kupuliza rangi hadi uzeeni, na yeyote aliyetaka kuuona mkono wake ulivyokwenda aliuona.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Ikiwa utapenda kuchapisha picha ya Jade Idol pamoja na barua hii, tafadhali uiweke kwenye ukurasa wa rangi, kwa sababu katika nyeusi na nyeupe msomaji ataona gari refu la kizamani tu.

Fundi rangi,
Gerezani, Dar es Salaam