Bodi Ni Ile Ile, Kamera Ni Ile Ile: Siku Mbili za Kazi Zilikwenda Wapi?

Mteja mmoja alituandikia mara tu baada ya kupokea ankara, na hakuficha maneno: "Fundi, nimefungua boksi nimekuta bodi ni ile ile, kamera ni ile ile, hata waya haukubadilishwa. Siku mbili mlikuwa mnafanya nini?" Malalamiko ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, na kwa kuwa anayeyatoa huamini kwa dhati kwamba amedhulumiwa, tumeona ni haki tueleze jinsi mfumo wa kamera unavyoharakishwa kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja.

Kifaa chake kilikuwa Raspberry Pi 4, kimefungwa juu ya mkanda wa kusafirishia mizigo ili kihesabu maboksi yanayopita. Kilipoletwa kwetu kilikuwa kinachakata chini ya fremu 2, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde, na kwa kuwa boksi lilivuka mbele ya kamera kwa muda usiofika sekunde moja, mengine yalionekana mara moja tu na mengine hayakuonekana kabisa. Mwenyewe alikuwa ameshachagua dawa: ama tuipandishe prosesa juu ya kasi yake ya kawaida, ama tumuuzie bodi yenye nguvu zaidi. Tulikataa yote mawili hadi tupime kwanza.

Kupima tunakosema ni kuweka saa ndani ya programu katika kila hatua, yaani kusoma fremu kutoka kwenye kamera, kuipunguza ukubwa, kuipitisha kwenye modeli (sehemu ya programu iliyofunzwa kutambua maboksi kwenye picha), kuchora alama juu ya picha na kuonyesha matokeo, kisha kuiacha programu ifanye kazi kwa muda wa kutosha mpaka kifaa kipate joto lake la kila siku. Kwake tulikuta dirisha la picha ambalo mwandishi wa programu alilifungua wakati wa majaribio na hakulifunga tena. Lilikuwa linachorwa kila fremu na kupelekwa kupitia mtandao kwenye skrini ambayo hapakuwa na mtu wa kuitazama. Tulikuta pia kwamba usomaji wa kamera na uchakataji vilikuwa vikisubiriana katika mzunguko mmoja, huku fremu za zamani zikijipanga foleni, hivyo picha iliyokuwa inachunguzwa ilikuwa ya boksi lililokwisha kupita. Usomaji tuliuhamishia kwenye thredi yake, yaani mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine, inayobakiza fremu ya mwisho peke yake.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, ulikuwa kwenye modeli. Ilikuwa inapokea picha ya pikseli 640 kwa 640, ambazo ni pikseli 409,600, nasi tukaishusha hadi 320 kwa 320, ambazo ni 102,400, yaani robo yake. Na hesabu zinazofanyika ndani ya modeli hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kubadilisha namba hiyo ni kazi ya dakika chache, na ndiyo maana wengi hudhani tunawatoza pesa bila kazi. Lakini kitu kilichokuwa na upana wa pikseli 40 hubaki na 20, na kikishakuwa kidogo mno modeli hukiruka kimya kimya, bila onyo lolote, mpaka mwisho wa mwezi hesabu zikatae kulingana. Kwa hiyo tulikata kwanza sehemu ya picha yenye mkanda peke yake, tukaacha sakafu na kuta, ili maboksi yabaki makubwa ndani ya picha ndogo. Kisha tukabadilisha namba za modeli kutoka desimali za biti 32 kwenda namba nzima za biti 8, jambo linalolifanya faili liwe karibu robo ya ukubwa wake na kuiwezesha prosesa kushughulikia namba nyingi zaidi kwa mkupuo.

Ugeuzaji huo wa biti 8 unahitaji picha za mfano ili programu ijue namba zinacheza kati ya wapi na wapi, na picha hizo ni lazima zitoke mahali pale pale kifaa kitakapofanya kazi. Tuliwahi kuletewa modeli iliyopakuliwa ikiwa imeshageuzwa kwa picha za kwingine, za mwanga mkali, na ilikuwa inaona maboksi meupe vizuri na kuyaacha ya kahawia kila jioni. Kwa mteja wetu wa mkanda tulirekodi video za mchana na za usiku chini ya taa, watu wawili wakahesabu maboksi kwa macho, kila mmoja peke yake, ndipo tukalinganisha na hesabu ya kifaa. Pale yalipotofautiana tulirudi kwenye fremu moja moja. Hapo ndipo sehemu kubwa ya siku mbili ilipokwenda, na kifaa kiliondoka kikichakata zaidi ya fremu 10 kwa sekunde bila kuruka boksi hata moja katika video zetu za majaribio. Bei ya hatua hii ya kuhakiki hatuipunguzi, kwa sababu kasi bila hesabu sahihi haimsaidii mwenye mzigo.

Njia za mkato tumeziona nyingi. Yuko aliyenunua Raspberry Pi 5 kwa sababu kamera yake ya USB ilikuwa inatoa fremu 5 tu kwa sekunde, akaifunga, akapata fremu 5 zile zile. Kamera ilikuwa inatuma picha ghafi za pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 2. Picha 30 za aina hiyo kwa sekunde ni karibu megabiti 1,000, ilhali USB 2.0, ambayo kamera ile ilitumia, mwisho wake ni megabiti 480, na ndiyo sababu watengenezaji walikuwa wameiwekea kikomo cha fremu 5 katika hali hiyo. Mstari mmoja wa programu, wa kuiagiza kamera itume picha zilizobanwa za MJPG, ulimaliza tatizo ambalo bodi mpya haikuweza kuligusa.

Mwingine alinunua kiharakishi cha Coral cha USB, kifaa kinachochomekwa kwenye bodi ili kifanye hesabu za modeli badala ya prosesa, ambacho kwa kweli ni kifaa kizuri, chenye uwezo wa operesheni (hatua za hesabu) trilioni 4 kwa sekunde. Kinachosahaulika ni kwamba kinakubali modeli za biti 8 tu, na kikikutana na operesheni kisichoitambua, hiyo na zinazofuata hurudishwa kwa prosesa ya bodi. Modeli yake ilikuwa na operesheni ya namna hiyo karibu na mwanzo, kwa hiyo kiharakishi kilikuwa kimekaa bila kazi.

Walioipandisha prosesa wenyewe ndio wanaotusikitisha zaidi, kwa kuwa dakika za mwanzo huona mafanikio. Joto likifika nyuzi 80 Raspberry Pi huanza kujishusha kasi yenyewe, na ndani ya boksi la plastiki lisilo na tundu la hewa haichukui muda kufika huko. Mmoja wao alituapia kwamba chake hakina tatizo. Tulipoandika amri ya vcgencmd get_throttled, jibu likawa 0x50000, maana yake tangu kifaa kiwashwe umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango na kasi iliwahi kupunguzwa, hata kama wakati ule kilikuwa shwari. Chanzo kilikuwa chaja ya simu na waya mrefu mwembamba.

Ndiyo maana tunaomba kila kifaa kiletwe na chaja yake, waya wake na boksi lake, na tunauliza kuhusu taa za mahali kitakapofungwa, maana kwenye giza kamera nyingi huongeza muda wa kupokea mwanga na fremu hupungua kabla prosesa haijafanya lolote.

Mteja wa mkanda tulimtumia jedwali la vipimo vya kila hatua, kabla na baada ya kazi, pamoja na zile video tulizohesabia. Aliziangalia, akahesabu mwenyewe sehemu ya video ya usiku, kisha akalipa. Sasa jedwali na video za namna hiyo, za kazi ya mteja husika, tunaviambatanisha kwenye kila ankara bila kusubiri kuombwa.